Maswali ya Wasomaji: Mtoto Akikuta Bunduki

Nafundisha darasa la nne, Njiro, Arusha. Mwalimu mkuu anataka tumwalike askari aje na bunduki, aifungue mbele ya wanafunzi waone sehemu zake, ili wasiwe na hamu ya kuichezea. Mnashauri nini?

Mwalimu, askari aje, bunduki ibaki kituoni. Mtoto wa miaka 10 aliyeona silaha ikifunguliwa na kufungwa bila wasiwasi anarudi nyumbani na nusu ya ujuzi, na atataka kuutumia siku atakapobaki peke yake na bastola ya baba mdogo. Kushika silaha kuna mahali pake: Shule ya Polisi pale Moshi, Chuo cha Wanyamapori Mweka, makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kama Oljoro. Huko kuna mkufunzi, uwanja wa shabaha na watu wazima. Shule ya msingi ifundishe jambo moja tu, yaani mtoto afanye nini akikuta silaha: simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima.

Mafunzo ya namna hii yalianzishwa Marekani mwaka 1988 na NRA, chama cha wamiliki wa bunduki, na huko huko ndiko udhaifu wake ulikoonekana. Watoto huyakariri maneno kama ngonjera ya siku ya wazazi, kisha wakikuta bunduki wanaishika. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12 waliachwa, katika makundi madogo, ndani ya chumba kilichofichwa bastola halisi isiyoweza kufyatua risasi. Makundi 21 kati ya 29 yaliikuta, 16 yakaishika, na katika 10 kati ya hayo kuna mtoto aliyevuta triga. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuvuta triga walisema walishawahi kufundishwa usalama wa bunduki. Karibu nusu ya walioikuta walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na uhakika kama ni ya kweli.

Kwa hiyo kipindi chako kiwe cha vitendo. Mwombe fundi seremala akuchongee bastola ya mti, uipake rangi nyeusi. Gawa darasa makundi ya watoto watano. Iweke chini ya dawati, mtoto mmoja aingie, aikute, asimame mikono ikiwa chini, ageuke, atoke na kukuambia. Kila mmoja arudie mara tatu. Mara ya tatu mwache mwenzake amchokoze: "Shika tu, haina risasi!" au "Muoga wewe!" Hapo ndipo wengi wanapolegea, maana hakuna anayetaka kuitwa muoga mbele ya rafiki zake. Wafundishe jibu fupi, "Mimi natoka," kisha atoke kweli, hata kama mwenzake amebaki. Asibaki kubishana, wala asijaribu kumnyang'anya.

Baada ya wiki mbili hivi, fanya jaribio la kushtukiza. Mwalimu mkuu na wazazi wawe na taarifa, watoto wasijue. Weka ile ya mti kwenye stoo ya vifaa vya michezo, mtume mtoto akalete mpira, nawe uchungulie dirishani. Akiishika, ingia hapo hapo umrudishe kwenye zoezi mpaka afanye sawasawa, bila fimbo na bila kumcheka. Usitumie bunduki ya kweli kwa zoezi hili, hata ikiwa tupu.

Na wasisitizie walimu wenzako: mtoto anayekuja kusema asiulizwe kwanza alikuwa anatafuta nini kwenye kabati la watu. Akiadhibiwa mmoja kwa kusema, darasa zima litanyamaza.

Ninafanya biashara Moshi mjini na nina bastola kwa leseni. Watoto wangu wana miaka 6 na 11. Usiku huwa natoa magazini na kuiweka bastola juu ya kabati la nguo. Inatosha?

Haitoshi, baba. Ukitoa magazini, yaani kile kibebea risasi, risasi iliyokwisha kuingia chemba, nyuma ya mtutu, inabaki humo, na kwa bastola nyingi triga ikivutwa inatoka. Watu wengi waliopigwa na bunduki "tupu" wamepigwa na risasi hiyo moja.

Utaratibu ni huu: mtutu uelekee upande usio na mtu, kidole kiwe nje ya triga. Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi, yaani sehemu ya juu inayoteleza, nyuma mara mbili au tatu, izuie ibaki wazi, utazame chemba kwa macho na kuipapasa kwa ncha ya kidole. Usigeuze mpangilio huo. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, risasi moja itatoka na nyingine itaingia, nawe utaamini umemaliza kazi.

Juu ya kabati si mafichoni. Mtoto wa miaka 11 anapafikia kwa kiti, na kwa kawaida anajua kilichopo siku nyingi kabla yako kujua kwamba anajua. Nunua kasha la chuma, lifungwe ukutani kwa bolti. Risasi zikae kwenye kasha jingine lenye ufunguo wake. Ufunguo utembee nawe, na kama ni la namba, usitumie mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Wala usijifariji kwamba triga ni nzito kwa huyo wa miaka 6: mtoto mdogo huigeuza bastola mtutu ukimwelekea mwenyewe, akaisukuma triga kwa vidole gumba vyote viwili.

Huku Monduli watoto wanaokota chuma chakavu wakauze kwa kilo. Wakati mwingine wanaleta maganda ya risasi, na hata vitu tusivyovijua. Kamati ya shule ifanye nini?

Hili ni zito kuliko bastola, kwa sababu kitu chenyewe hakifanani na silaha. Novemba 2017, huko Ngara mkoani Kagera, bomu la mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga na kuua wanafunzi. Lilikuwa limeokotwa likidhaniwa ni chuma chakavu.

Msiwafundishe watoto kutofautisha ganda tupu na risasi nzima. Kanuni iwe moja: chochote cha chuma usichokijua, chenye umbo la yai, chupa au mrija, hakiguswi, hakipigwi mawe, hakitupwi motoni. Kutu si dalili kwamba kimekufa. Kinaweza kuwa kimezidi kuwa hatari. Aliyekiona arudi kwa njia ile ile aliyojia, akumbuke alama ya karibu, mti au korongo, kisha amwambie mwalimu au mwenyekiti wa kijiji. Mtu mzima apige namba ya dharura, 112, na kuwazuia wachungaji wasipite hapo mpaka wataalamu wafike.

Kamati ikaongee pia na wanunuzi wa chuma chakavu: wakatae mzigo wa mtoto. Asiyepata mnunuzi hana sababu ya kuokota.

Bastola za plastiki za sikukuu je?

Hatuzipigi marufuku. Ila nunua yenye rangi kali, ya njano au kijani, usinunue nyeusi inayofanana na ya baba.