Miezi minane unapiga chuma na mwili uleule? Nionyeshe daftari lako

Assalaam alaykum wapenda chuma wenzangu. Juzi nimetoka kuswali isha, nafungua simu nakuta meseji ndefu ya kijana mmoja wa Wete, Pemba. Kwa ufupi kaniandikia hivi: "Kaka, mie nna miezi minane napiga chuma siku sita kwa wiki, nakula, lakini fulana zangu ni zilezile na wenzangu wanasema nnapoteza muda, nifanyeje?" Nimeisoma mara tatu wallahi. Sikumjibu palepale kwa sababu meseji ile ningeweza kuiandika mie mwenyewe mwaka 2017, na nikaona nikimjibu mistari miwili ntakuwa nimemdhulumu. Jibu lake ndo hili, na nyie wengine someni, maana najua mpo wengi na mnachokitaka ni kilekile nlichokitaka mie, ukivaa kanzu ya Ijumaa mabega yaijaze.

Mie nlianza 2016. Kilo 56, mrefu, na mtaani kwetu Jang'ombe, hapa Unguja, jina langu Upondo, ule mti mrefu mwembamba wa kusukumia chombo majini. Jina hilo nililipata skuli likanifuata mpaka ukubwani, na asikudanganye mtu kwamba majina hayo ni utani tu, ukiwa kijana yanauma na unalala nayo. Jimu yetu ilikuwa uani kwa mtu, ekseli ya gari ndo chuma chetu, magia ya lori na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji ndo uzito, benchi la mbao limezungushiwa kipande cha godoro. Vifaa vile sivilaumu hata kidogo, mpaka leo nikipita pale naingia kusalimia. Kilichonipoteza ni namna nlivokuwa nikifanya. Kila siku baada ya alasiri kifua na mikono, kifua na mikono, tunapiga mpaka mikono inatetemeka, kisha tunasimama tunatazamana ile misuli iliyovimba damu tunaona tumeshakuwa watu wa miraba minne. Magharibi haijaadhiniwa uvimbe wote ushashuka. Ukishaoga umerudi kuwa Upondo.

Nikaanza kukimbilia video. Nikamuona Arnold Schwarzenegger, bingwa wa Mr. Olympia, shindano kubwa la wajenga misuli duniani, mara 7, mtu wa seti nyingi (seti ni kunyanyua mfululizo mpaka upumzike), wakati mwengine akiingia jimu mara mbili kwa siku, basi na mie nikawa napiga seti 20 za kifua kwa siku moja na kesho yake narudia. Wiki ya tatu nipo hoi. Nikamuona Dorian Yates, Muingereza, taji hilohilo kalichukua mara 6 mfululizo toka 1992 mpaka 1997, na yeye anasema ukishapasha moto misuli seti moja ya nguvu zako zote inatosha. Nikaacha ya Arnold nikashika ya Yates. Mwezi mmoja tu, nikahamia ya mtu mwengine. Miaka miwili yote nlikuwa kama daladala lisilo na ruti, na kwa Yates kulikuwa na kitu kimoja kikubwa nlikipita hivihivi, ntakisema mbele.

Sasa 2018, na hii sipendi kuisimulia lakini nimeahidi kusema kweli. Nlikuwa nishahamia jimu ya kulipia, ina vyuma vizuri na kocha, na huyo kocha jina lake nalihifadhi. Kwa miaka miwili benchi yangu, yaani ule uzito wa kulala chali na kuusukuma juu ya kifua, ilikuwa kilo 60, haipandi. Jioni moja watu wengi wamekaa wanatazama, kocha akaja akaniambia wewe unaogopa tu, akaweka kilo 20 juu kwa mpigo. Nikaona haya kukataa. Chuma nlikishusha, hakikurudi, na nilipojaribu kukisukuma upande mmoja bega la kulia likalia kitu ndani, mpaka leo nikikumbuka sauti ile mwili unanisisimka. Wakanitoa. Wiki ya pili nimerudi nimefunga bega, namuuliza kocha nifanye mazoezi gani wakati nasubiri kupona, akanijibu mbele ya watu, "Wewe mwili wako si wa chuma, kacheze keram." Nikatoka. Sikurudi pale, na karibu mwaka mzima na nusu sikugusa chuma popote.

Alonirudisha ni ami yangu. Ami kafanya uhamali bandarini Malindi, hapahapa Unguja, zaidi ya miaka 20, magunia ya kilo 50 asubuhi mpaka jioni, anashusha anapakia. Nguvu anazo mpaka leo na mvi zake, akikushika mkono utajua umeshikwa. Lakini mwili wake mwembamba, mkavu kama kamba ya usumba. Tumekaa barazani nikamuuliza, ami, mbona umebeba mizigo umri wako wote na hukutanuka? Hakufikiria hata kidogo. "Mwanangu, gunia la kwanza nlobeba lilikuwa kilo 50, na la jana kilo 50. Nitanuke kwa lipi?"

Nlikaa kimya na ile kauli. Kwa sababu kilo 60 za benchi yangu ndo zilikuwa gunia langu, miaka miwili gunia lilelile, na siku niliyotaka kubadilisha nikabeba magunia mawili kwa mpigo nikavunjika. Msuli unakua pale unapopewa kazi ambayo haujaizoea, ukishaizoea hauna sababu ya kuongeza kitu, na mwili haupendi hasara, nyama isiyohitajika haubebi. Na kazi mpya yenyewe lazima iwe ndogo, kwa sababu mishipa inayofunga msuli na mfupa inachelewa kuliko msuli wenyewe kupata nguvu. Kwa hiyo kuongeza ni lazima, na kuongeza kidogokidogo ni lazima vilevile, na utajuaje umeongeza kama hukuandika?

Ndo nikarudi kusoma habari za wale mabingwa upya. Yule Yates ambae mie nlichukua kwake habari ya seti moja tu, alikuwa anaandika mazoezi yake kwenye daftari, zoezi gani, uzito gani, mara ngapi, anataka kuipita namba ya mara iliyopita. Hiyo ndo nliyoipita hivihivi. Nikasoma na habari za daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, ambae miaka ya vita kuu ya pili alikuwa anatibu askari walioumia miguu, wakati ule mgonjwa anapewa mazoezi mepesi tu, yeye akawapa uzito mkubwa na kila wiki anawapima wanaweza kunyanyua kiasi gani mara 10, wiki inayofuata uzito unapanda. Mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Askari wenye magoti mabovu, sikiliza hapo, magoti mabovu, na wakarudi na nguvu. Nikasema kama wale walipimwa wakapona basi bega langu nalo ntalipima.

Januari 2020 nikanunua daftari la skuli pale Darajani, la kawaida, na nikaanza na kilo 30. Ndio, nusu ya ile 60. Watu walitazama, niliwaacha watazame.

Ninavofanya ni hivi. Unachagua uzito ambao unaweza kunyanyua mara 8 kwa usafi, seti 3. Unaandika mara ulizonyanyua kila seti: 8, 7, 6. Siku ya pili ya zoezi hilo unataka 8, 8, 7. Unabaki na uzito huohuo mpaka seti zote tatu zifike 12, hapo ndo unaongeza kilo 2 na nusu au 3 unarudi kwenye 8, na safari inaanza tena. Ni hivo tu. Najua nyie mlioko jimu za mtaani na za shamba mtasema hatuna pleti ndogo, vile vyuma vya duara vya kuongezea uzito, na mie sikuwa nazo. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikijaa ni kilo moja na nusu, funga moja kila upande kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umeongeza kilo 3. Nimefanya hivo mwaka mzima. Nani atakucheka na chupa zako kama kila mwezi unapanda? Na akikucheka muulize yeye mwezi uliopita alinyanyua ngapi, utaona hajui.

Mengine niseme harakaharaka. Kushusha chuma ndo nusu ya kazi, shusha polepole kwa sekunde 2 au 3 na ushuke mpaka msuli uvutike wote, sio nusu nusu za kuonesha watu. Acha repu moja au mbili mkononi, yaani simama ukiwa bado unaweza kunyanyua mara moja au mbili, usife kila seti. Pumzika dakika 2 mpaka 3 kwenye mazoezi makubwa, kukimbizana seti kwa seti kunakutoa jasho lakini kunakunyima repu. Kila msuli mara mbili kwa wiki, jumla seti 10 mpaka 20, na kwa anaeanza hizo 10 zinamtosha sana. Huyu mdogo wangu wa Wete anapiga siku sita, mie napiga siku nne na nimemzidi, kwa sababu msuli unajengeka ukiwa umelala sio ukiwa benchi. Na miguu, jamani miguu! Skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) na dedilifti (kunyanyua chuma kutoka chini) mnazikimbia kwa sababu kanzu inaficha. Na kila kitu andika.

Chakula hapa kwetu tusilalamike, tumezungukwa na bahari. Anaetaka kukua ale protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, yaani mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 96. Yai moja linakupa kama gramu 6. Samaki gramu 100 anakupa kama 20 au zaidi, awe kibua awe jodari, na dagaa wakavu ndo kabisa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini tupu na ndo kitoweo cha bei nafuu. Maharage, kunde, mbaazi za nazi asubuhi badala ya mkate mtupu na chai. Mie mwanzo nilidhani nakula, nikaandika siku tatu nilichokula nikakuta ni wali mwingi, chapati, jioni urojo, na kipande cha samaki cha vidole viwili. Urojo naupenda kama Mzanzibari yeyote lakini haujengi kifua. Kijana anasema "nakula", mie simwamini mpaka aandike.

Halafu hizi sindano. Hapa ntasema kwa ukali na mnisamehe. Nimeona vijana wa rika langu wamechoma homoni wakatanuka miezi mitatu, mtaa mzima unawasifu, mie na daftari langu napanda kilo 2 na nusu. Roho iliniuma, sifichi. Lakini dawa zile zinaufanya mwili uache kutengeneza homoni yake wenyewe, korodani zinasinyaa, wengine wanaota matiti, na moyo unaharibika kimyakimya. Mmoja ni rafiki yangu wa damu, kaoa mwaka wa nne huu wanatafuta mtoto, usiku ananipigia simu analia. Mwili ni amana, utaulizwa. Ukiona mtu anakuuzia chupa kwenye jimu ondoka, awe kocha awe nani.

Ramadhani nayo sio sababu ya kuacha. Napiga baada ya tarawehe, seti nusu ya zile za kawaida, uzito uleule, na natosheka kulinda nilichonacho mpaka Idd.

Mwaka ule wa kwanza wa daftari nliongeza kilo 7 za mwili. Leo nna kilo 78, daftari la sita, na Alhamisi iliyopita benchi kilo 100 nimenyanyua mara 5 na bega langu zima, alhamdulillah. Ami nilimpigia simu kabla sijavua glavu. Yule kocha hukutana nae kwenye daladala ya Amani, ananisalimia namuitikia, hajawahi kusema neno kuhusu mwili wangu, na nakiri kwenu nyinyi kwamba mpaka leo nasubiri aseme.

Mdogo wangu wa Wete nilimtumia meseji moja tu kabla ya kuandika haya, nikamwambia nenda dukani sasa hivi kanunue daftari na kalamu, kesho unipigie picha ukurasa wa kwanza. Jana usiku picha imekuja. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Benchi, kilo 40: 9, 8, 6. Nimemjibu Alhamisi nataka kuona 9, 9, 7.