Karatasi za babu zilizojikunja: weka pasi pembeni, na usilamineti

Mkuu, umesema sanduku la bati la babu limetoa stakabadhi za kodi ya kichwa, leseni ya baiskeli, barua na noti ya shilingi 20 ya mwaka 1966, na kwamba jamaa wa steshenari amekushauri uzipige pasi kisha ulamineti. Nakuomba sana usifanye hivyo. Gundi ya lamineti huyeyuka kwa moto na kuingia ndani ya karatasi, na haitoki tena. Pasi nayo huzidi kuikausha karatasi ambayo tayari inakatika kwa ukavu.

Mimi natunza makaratasi ya ukoo wetu hapa Tanga, na ninachokitegemea ni unyevu wa taratibu na uzito. Chukua beseni la plastiki lenye mfuniko, tandika chini taulo lililoloweshwa na kukamuliwa vizuri, halafu weka juu yake kichanja cha plastiki. Karatasi ikae juu ya kichanja, isiguse taulo. Funika, na uchungulie kila baada ya nusu saa. Ikishalegea utaiona inaanza kujikunjua yenyewe. Hapo ifungue kwa vidole vikavu, na mkunjo ukigoma, irudishe ndani. Mfuniko ukianza kutoa jasho, ufute, maana tone moja huacha doa la kudumu. Usiilaze humo usiku kucha. Kwa joto la pwani, ukungu hauchelewi.

Ikitoka, ilaze katikati ya karatasi nyeupe za kufyonza wino au kitambaa cheupe cha pamba kisicho na rangi, juu weka ubao laini na vitabu vizito. Badilisha kitambaa baada ya nusu saa, kisha tena baada ya saa chache, halafu iache siku mbili tatu.

Wino uupime kabla ya yote. Gusa herufi moja ya pembeni kwa ncha ya pamba yenye unyevu kidogo. Pamba ikichukua rangi, karatasi hiyo isiingie kwenye beseni. Mihuri ya ofisini na ile penseli ya zamani inayogeuka zambarau ikipata maji ndiyo hatari zaidi. Picha pia zisiingie, uso wake hunata.

Noti iache na mikunjo yake. Wakusanyaji wazoefu huitambua noti iliyonyooshwa, na bei hushuka.

Kwenye kuhifadhi, selotepu na pini za chuma ni marufuku: moja huacha gundi ya kahawia, nyingine kutu. Vipande vya magazeti vitenge peke yake, maana asidi yao huunguza karatasi jirani. Boksi likae kabatini, mbali na sakafu na ukuta wa nje, na ulifungue mara kwa mara kukagua mende na mchwa.

Zile barua usizianze bado. Tuwekee picha, mbele na nyuma, tuone ni wino gani.