Maswali na Majibu: Nina mimba na mafuta yamepanda kwenye damu, vitamini B itayasafisha?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Tukuyu, mimba yangu ni ya pili na ina wiki 27. Juzi walikuja watu wa kupima afya karibu na soko, wakanitoboa kidole, wakasema lehemu (kolesteroli) yangu ni 6.9 na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, ni 2.8, kwamba damu imejaa mafuta na mtoto atakosa hewa. Wameniuzia vitamini B3 ya miligramu 500, nimeze asubuhi, mchana na jioni ili kusafisha mafuta, na kopo jingine la asidi foliki ya miligramu 5. Wamesema FEFO za kliniki (vidonge vya madini chuma na asidi foliki) niziache, pamoja na parachichi, mayai na maziwa. Leo ni siku ya tano. Kila nikimeza B3 uso na kifua vinawaka moto na kuwasha, wao wanasema ni sumu inatoka. Niendelee? (Mama wa Tukuyu)

JIBU: Marahaba, mama. Usiendelee. B3 iache leo, na hilo kopo la asidi foliki liweke kando. FEFO zako zirudie usiku huu huu, na kesho nenda kliniki ukiwa na kadi yako na makopo yote mawili ili wasome yaliyoandikwa.

Huko kuwaka uso si sumu. Niasini, ndiyo hiyo B3, ikimezwa kwa wingi hutanua mishipa midogo ya ngozi, damu ikajaa usoni na kifuani, ngozi ikapata joto na kuwasha. Huanza muda mfupi baada ya kumeza na hupoa yenyewe. Lakini nakuomba ujichunguze jambo moja: ukiacha vidonge na bado unawashwa, hasa viganjani na kwenye nyayo, hasa usiku, mwambie muuguzi kwa maneno hayo hayo. Kuna tatizo la ini linalokuja na mimba ambalo dalili yake ya kwanza ni muwasho wa namna hiyo, na linahitaji kipimo cha damu haraka.

Sasa tuje kwenye hizo namba, maana kila wiki hapa Mbeya nakutana na mama aliyetishwa kwa karatasi ya namna hiyo.

Viwango vinavyoandikwa pembeni ya majibu ya maabara, kwamba lehemu isizidi 5.2 na trigliseridi isizidi 1.7, ni vya mtu asiye na mimba. Mjamzito hapimwi kwa kipimo hicho. Mimba ikikua, homoni ya estrojeni hulisukuma ini litengeneze mafuta zaidi na kuyaingiza kwenye damu. Kuanzia katikati ya ujauzito, homoni za kondo la nyuma huufanya mwili wa mama utumie mafuta kama kuni zake, ili sukari ibaki kwa mtoto. Lehemu yenyewe ndiyo malighafi ambayo kondo hutengenezea projesteroni, homoni inayoitunza mimba isitoke. Mtoto naye anaihitaji kwa ajili ya ubongo na ukuta wa kila chembe hai ya mwili wake. Kwa hiyo kufikia miezi mitatu ya mwisho lehemu ya mama mzima kabisa huwa imepanda kwa robo hadi nusu ya ilivyokuwa, na trigliseridi huongezeka mara mbili, hata mara tatu na zaidi. Mwili unajaza kihenge kabla ya kujifungua na kunyonyesha. Baada ya kujifungua trigliseridi hushuka upesi, lehemu hufuata polepole.

Namba zako, mama, ndizo ninazotarajia kuziona kwa mimba ya wiki 27. Ningejiuliza zaidi kama zisingepanda kabisa.

Ndiyo, wapo wajawazito ambao mafuta kwenye damu ni hatari kweli. Trigliseridi ikivuka 11 kongosho linaweza kuvimba, na hapo mama hulazwa. Wenye kisukari, wenye tatizo la tezi ya shingo, na wale ambao baba au ndugu zao wa damu walipata shtuko la moyo wakiwa bado vijana, hao tunawaangalia kwa makini, kwa damu ya mshipani iliyopimwa maabara. Kama wewe ni mmoja wao, sema kesho kliniki. Trigliseridi yako ya 2.8 ni kama robo tu ya hiyo 11.

Linaloniumiza zaidi ni hili neno "kusafisha". Vitamini B hazisafishi mafuta. Ziko nane, na kila moja ina kazi yake. Ni kweli kwamba kadhaa kati yake huusaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu, mafuta yakiwemo, na hapo ndipo wauzaji wanapodakia. Lakini chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Ukiongeza figa la nne na la tano, ugali hauivi mapema. Mwili ukishapata kiasi chake cha vitamini, kinachozidi ama kinatoka na mkojo, ama, kama ilivyo kwa niasini nyingi, kinakuwa dawa yenye madhara yake.

Hadithi ya niasini imeanzia mahali. Mwaka 1955 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba niasini kwa kiwango kikubwa sana hushusha lehemu, na kwa miaka mingi madaktari waliwaandikia wagonjwa wa moyo. Wagonjwa wa moyo, si wajawazito. Baadaye yakafanyika majaribio makubwa, moja la watu zaidi ya 25,000 lililotangaza matokeo yake 2014, na ikaonekana kwamba kuiongeza juu ya dawa za kawaida za lehemu hakukupunguza shtuko la moyo wala kiharusi, ila kuliongeza madhara, yakiwemo ya sukari na ini. Leo hata hao wagonjwa wa moyo hawapewi ovyo. Mjamzito anahitaji miligramu 18 za niasini kwa siku, na chakula cha kawaida kinazifikisha. Wewe umekuwa ukimeza 1,500, zaidi ya mara 80 ya hitaji lako. Kwa siku tano sitarajii kwamba ini limeumia, lakini kesho omba walipime.

Kopo la pili nalo lina habari yake. Asidi foliki ni muhimu mno kwenye mimba, ila kiasi anachohitaji mama wengi ni miligramu 0.4 kwa siku, na ndicho kilichomo kwenye FEFO pamoja na madini chuma. Ile ya 5 tunampa mama mwenye sababu maalumu: aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi, anayetumia dawa za kifafa, mwenye selimundu, na wengine wachache. Tena kuna jambo ambalo muuzaji hakukwambia. SP unazomeza kliniki kuzuia malaria humdhoofisha kijidudu cha malaria kwa kumzuia kutengeneza folati yake, yaani vitamini B ile ile ambayo kwenye kidonge huitwa asidi foliki. Ukimeza asidi foliki ya miligramu 5 kila siku, unampunguzia SP makali. Ile ya 0.4 haina shida hiyo. Tukuyu kuna baridi na mbu ni wachache, najua, lakini Kyela yenye malaria iko hapo chini na watu wanapanda na kushuka kila siku ya soko.

Na hata kama makopo hayo yangekuwa na vitamini B zote nane kwa kiasi sahihi, hayana chuma. Walikutisha kwamba mtoto atakosa hewa. Kinachoweza kumpunguzia mtoto hewa ni mama kuishiwa damu, na FEFO ndiyo inayozuia hilo. Kidonge chenye kazi hiyo ndicho walichokuambia ukiache.

Parachichi rudisha. Halina lehemu hata chembe, kwa kuwa lehemu hutoka kwa wanyama, na lina folati nzuri. Rungwe na Njombe tunayapakia kwenye malori yaende ng'ambo, halafu mjamzito wa hapa hapa anakatazwa kula. Mayai na maziwa ndiyo yanayokupa B12, ambayo haipo kwenye ndizi, maharage wala mboga za majani. Dagaa wa Nyasa wanayo, nyama inayo. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya theluthi ya folati ya siku yako. Majani ya maboga na mnafu usivichemshe hadi vilegee kisha ukamwaga maji, folati inaondoka na yale maji. Ugali wa dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu kukoboa kunaondoa sehemu kubwa ya vitamini B za hindi. Chai iache mbali na mlo, kama saa moja hivi, isizuie chuma. Ulanzi na komoni usiviguse: pombe humdhuru mtoto, hupandisha trigliseridi na huvuruga folati.

Sasa niseme na wasomaji wengine, kwa kuwa barua hii si ya mama mmoja. Wauza makopo hawa wanauza hofu ya mafuta. Kuna hata mashine ya kushika kiganjani ambayo eti inasoma ini, figo, mafuta na mfuko wa uzazi kwa dakika moja, kisha inatoa karatasi ndefu, na kila ugonjwa uliomo una kopo lake mezani. Hakuna chuma cha kushika mkononi kinachoweza kupima lehemu bila tone la damu. Nimeona mama akiuza debe mbili za mahindi ya chakula ili alipie makopo hayo, huku nyumbani mayai wanapelekewa wanunuzi barabarani. Na huu ni ukanda unaolisha nchi: takwimu za kitaifa za 2022 zilionyesha kwamba Iringa zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe karibu hivyo hivyo. Fedha ya kopo moja la namna hiyo ni trei kadhaa za mayai.

Wakikuambia "ni vitamini tu, haina madhara", waulize ni miligramu ngapi na mjamzito anahitaji ngapi. Asiyeweza kujibu hilo asikuuzie.

Na ninyi mnaotarajia kubeba mimba, asidi foliki ina saa yake. Mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi bado hawajajua kama wamebeba. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa 1991 ulionyesha kwamba, kwa akina mama waliokwisha kuzaa mtoto ambaye mrija huo haukufunga, kuanza asidi foliki kabla ya mimba kulizuia kurudia kwake kwa karibu robo tatu. Anayekuja kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, dirisha hilo limeshafungwa, na hakuna kopo la kulifungua. Anzeni kidonge cha asidi foliki mnapoacha uzazi wa mpango.

Wewe mama wa Tukuyu, kipimo cha mafuta ukitake tena wiki sita au zaidi baada ya kujifungua, asubuhi kabla hujala. Kabla ya hapo, namba ninazotaka uzifuatilie ni za presha, mkojo, sukari na wingi wa damu. Zote zina nafasi yake kwenye kadi yako ya kliniki. Kesho hakikisha wamezijaza.