Toleo jipya la D&D likifika mezani, nani atanuna?

Kama meza yako ina watu wa rika moja, makala hii unaweza kuiruka. Yangu iko Nyakato, hapa Mwanza, barazani kwa dada yangu, na wanaoikalia ni watu ambao hata harusini wasingepangwa pamoja: wapwa zangu wawili wa sekondari, vijana wa chuo wanaopanda daladala kutoka Malimbe, dada mmoja muuguzi anayekuja akiwa ofu, na anko mstaafu aliyesoma uhandisi Uingereza miaka ya 1980, akaujulia mchezo huko huko.

Kwa asiyeujua, Dungeons & Dragons ni mchezo wa kuigiza unaochezwa mkiwa mmekaa. Mmoja ndiye msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na jambo lolote lisilo na uhakika linaamuliwa na dadu, hasa ile ya pande 20. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974. Tangu hapo kanuni zimeandikwa upya mara kadhaa, na kila mara pamekuwa na ugomvi. Vitabu vya karibuni vilianza kutoka mwaka 2024, kuchukua nafasi ya vile vya 2014. Wenzangu wanaotaka kuanzisha meza zao hapa Mwanza huniuliza swali lile lile: wazee si watagoma?

Anko hakugoma. Aliyegoma ni kijana wa mwaka wa tatu.

Huyu kijana anacheza paladini, yaani askari wa kiapo anayepiga kwa upanga huku nguvu za mungu wake zikishuka juu ya pigo. Kwa kanuni za 2014, kila upanga unapompata adui unaweza kuchoma akiba yako ya uchawi na kuongeza maumivu. Ukimpata mara mbili, unachoma mara mbili. Mwaka 2024 wakalibadilisha pigo hilo kuwa uchawi kamili, unaotumia kitendo chako cha ziada, na kitendo cha ziada ni kimoja tu kwa zamu. Jumamosi tuliyolijaribu, walikuwa wanapambana na joka la maji kwenye miamba iliyokaa kama ile ya Bismarck pale ziwani. Akampata mara mbili. Akakusanya dadu zake zote za pande nane, mkono umejaa. Nikamwambia kwa toleo jipya ni mara moja. Akazirudisha mezani moja moja, akazipanga mstari, akasema, "Kaka, sasa mimi nimebaki na nini?"

Mhusika wake bado alikuwa mkali kuliko wote pale mezani. Ila kijana huyu ndiye aliyekuwa anaulizwa na kila mtu. Kitabu cha 2014 alikuwa amekimeza, anajua ukurasa gani una nini, na vijana wenzake walikuwa wanampigia simu usiku kuulizia wahusika wao. Toleo jipya linapoingia, yeye na mwanafunzi wa kidato cha pili wanaanza darasa moja. Hilo ndilo linalouma, na nimegundua linamuuma zaidi mtu wa miaka ishirini na kidogo kwa sababu hajawahi kulipitia. Toleo la 2014 ndilo pekee alilowahi kulijua, kwa hiyo kwake huo ndio mchezo wenyewe.

Anko alishazoea. Enzi zake namba ya kinga ya mwilini ilikuwa kadiri inavyoshuka ndivyo ulivyo mgumu kupigwa, ikafika hadi chini ya sifuri, na shambulio lilitafutwa kwenye jedwali. Toleo la tatu la mwaka 2000 likaigeuza: kubwa ndiyo nzuri. Anko toleo hilo hakulicheza, wala la nne la 2008, maana alikuwa huku na hapakuwa na wa kucheza naye. Nilipomweleza tofauti za 2014 na 2024, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwangu mimi yote hayo ni mapya tu." Lalamiko lake kubwa liko kwenye matoleo yote mawili: wahusika hawafi. Zamani mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na uchawi mmoja kwa siku. Akishautumia anabaki na kisu na sala. Siku hizi mchawi anarusha moto mdogo mdogo kutwa nzima bila kuishiwa.

Ni kama ile kanuni ya 1992 ya kumkataza kipa kudaka pasi ya mguu kutoka kwa beki wake. Waliokuwa wanaenda Kirumba kuitazama Pamba enzi hizo wanakumbuka kelele zake. Mtoto wa leo hata hajui kwamba kuna wakati kipa alikuwa anadaka.

Kwa hiyo ukitaka kujua nani atanuna, uliza aliingia na toleo gani, amepitia mangapi, na ujuzi wake kwenye hilo la zamani unampa heshima gani mbele ya wenzake. Ukiuliza miaka tu utamvizia mzee wa watu bure.

Umri una kazi yake, lakini mahali pengine kabisa. Una kazi kwenye adabu, na hapa ndipo meza nyingi za kwetu zinapoweza kuvunjika bila mtu kuelewa kilichozivunja.

Wapwa zangu toleo jipya walilimeza kwa mchana mmoja. Walipenda hasa umahiri wa silaha, kwamba rungu lina ujanja wake na shoka lina wake: moja linamsukuma adui, jingine linamwangusha. Wanajifunza kwa kutazama video kwa bando la mama yao, na ingawa wakati mwingine wanachanganya ya 2014 na ya 2024, mara nyingi wako sahihi. Sasa, anko mhusika wake kajeruhiwa, akatangaza, "Nakunywa dawa, zamu yangu imeisha." Mdogo wao, yule wa kidato cha pili, hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi yake: "Anko, siku hizi dawa unakunywa na bado unapiga."

Ni kweli. Kwa kanuni za 2014 kunywa dawa kulikula kitendo chako kizima; mwaka 2024 kumekuwa kitendo cha ziada. Mtoto alikuwa anamsaidia. Lakini mtoto aliyemwamkia shikamoo nusu saa iliyopita sasa anamsahihisha mbele za watu, na hata "samahani" hakuitanguliza. Anko akasema, "Haya, mwalimu." Wenyeji wa huku wanajua "haya, mwalimu" ya namna hiyo ina uzito gani. Ikatokea tena kwenye kuhesabu tiba, maana uchawi wa kuponya wa kawaida zamani ulikuwa dadu moja ya pande nane na sasa ni mbili. Jumamosi iliyofuata anko akatuma ujumbe kwamba ana mgeni.

Mtu wa nje angesema mzee amekataa mabadiliko. Kanuni mpya ya dawa anko aliipenda, ilimwachia nafasi ya kupiga! Alichokataa ni kufundishwa na mjukuu.

Tulichofanya ni kumpa yule mdogo kazi rasmi ya kutunza kitabu. Kitabu kinakaa mbele yake, hakuna mwingine anayekifungua katikati ya pambano, na yeye anasema akiulizwa. Asipoulizwa, ananyamaza hata kama kosa limesimama mbele yake na kumpungia mkono. Anayesahihisha bila kuulizwa ni msimulizi peke yake, na mimi husubiri zamu ipite. Nikamwendea na anko pembeni, nikamwomba awe anamuuliza dogo mara kwa mara ili ajifunze kutafuta kanuni haraka. Sasa utamsikia, "Wewe dogo, kitabu kinasemaje kuhusu kuzama majini?" na mtoto anapekua mbio, anasoma kwa sauti, anko anatikisa kichwa kukubali kama mkaguzi. Kanuni ni zile zile na anayezisoma ni yule yule.

Kwa vijana wa chuo mpango huu hauna maana. Wao wanasahihishana kwa kelele, na wanaupenda ugomvi wenyewe.

Dada muuguzi sina mengi ya kusema juu yake, na hilo ni sifa. Anatoka zamu ya usiku, analala, anakuja. Kanuni za zamani hakuwahi kuzikariri, kwa hiyo mpya hazikumwondolea kitu. Nilimwandikia kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, mambo anayoweza kufanya kwenye zamu yake, nikabadilisha mistari minne toleo lilipobadilika, basi. Wenye kazi na watoto wengi wako hivi. Ukiwaona wamekunja uso wakisikia "toleo jipya," ujue wanahesabu muda wa kusoma ambao hawana. Wasomee wewe.

Kuhusu kuhama kwenyewe, ushauri wangu ni usihamishe vyote siku moja. Vitabu vya 2024 vimetengenezwa viweze kutumika na visa vya 2014, yaani hadithi zilizoandikwa za kuchezwa, kwa hiyo hakuna wa kukukimbiza. Sisi tulianza na dawa, kwa kuwa meza nyingi duniani zilikuwa zinacheza hivyo hata kabla kitabu hakijasema. Haikumuudhi yeyote. Ukafuata umahiri wa silaha, ambao unampa mchezaji kitu bila kumnyang'anya kingine. Yale ya kujenga mhusika upya niliyaacha hadi kisa kiishe, kwa mfano nyongeza za uwezo, ambazo sasa zinatokana na alichokuwa anafanya mhusika kabla ya safari, awe mkulima, askari au baharia. Mabaharia tumepata wengi kupita kiasi. Ndiyo mambo ya kucheza karibu na ziwa.

Paladini nilimwacha na mapigo yake ya zamani mpaka kisa kile kilipokwisha. Kuna msimulizi mwenzangu ananiambia huo ni upendeleo. Inawezekana, ila hakuna mchezaji aliyelalamika, na mimi nisingeweza kumwambia mtu aliyelea mhusika muda wote huo kwamba ameamka asubuhi nguvu zimepungua kwa sababu kampuni imechapa kitabu. Kisa kipya kilipoanza alichagua mwenyewe mtawa wa ngumi, ambaye toleo jipya limemwongezea nguvu, akaanza kuchimba kanuni zake. Simu za usiku zimerudi.

Limebaki suala la hela, na pengine linagawa watu kuliko yote niliyoyasema. Mwaka 2008 toleo la nne lilipotoka, wengi waliokuwa na rafu nzima ya vitabu vya 3.5, yaani toleo la tatu lililofanyiwa marekebisho, hawakuhama, na mwaka uliofuata kampuni ya Paizo ikawatolea Pathfinder, iliyojengwa juu ya kanuni zile zile walizozizoea. Kwa aliyeagiza kitabu kutoka nje akalipia na usafiri hadi Mwanza, toleo jipya ni bili, awe na miaka kumi na tisa au sitini. Mweleze mapema kwamba hahitaji kukinunua. Januari 2023, baada ya wachezaji kuwaka kwa hasira kuhusu leseni, Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha D&D, waliachia kanuni za msingi za 2014 kwa leseni ya Creative Commons, na mwaka 2025 wakafanya hivyo kwa zile mpya. Unazipakua bure kihalali, unaruhusiwa hata kuzitafsiri ukiwataja wenyewe. Hazina kila kitu, kila aina ya mhusika imepewa tawi moja tu, lakini meza inaanza. Usichapishe faili lote. Peleka steshenari kurasa za aina za wahusika mlionao na za uchawi wanaoutumia, wabaindi kwa plastiki, nakala moja kwa meza. Kama meza itachanga kununua kitabu, anzeni na cha wachezaji. Cha majitu, yaani maadui wa kupambana nao, kinaweza kusubiri, yale ya 2014 bado yanauma vizuri.