Shangazi, hawa paka wananipa nini?

SWALI
Shkamoo shangazi. Mi ni kijana wa miaka 25 naishi Chuda hapahapa Tanga, nimemaliza chuo mwaka juzi na mpaka leo nasubiri ajira. Kuna mama jirani yetu na wenzie watatu wana kikundi cha kuokoa paka, wanazunguka kule Deep Sea kwa wauza samaki na mitaa ya Ngamiani, paka mgonjwa wanampeleka kwa daktari wa mifugo, mzima anapelekwa kuhasiwa halafu anarudishwa palepale. Nilianza kwa kuwabebea matenga tu, sasa mwezi wa tano na sijalipwa hata mia. Tatizo napenda. Washkaji kijiweni wananiita Baba Paka, na juzi kaka yangu kaniuliza mbele ya watu, hivi hao paka wanakupa nini? Nikakosa jibu. Kuna faida kweli au napoteza muda?
Baba Paka, Chuda

JIBU
Marahaba mwanangu. Kwanza hilo jina usilikatae, kuna swahaba aliitwa Abu Huraira, maana yake ndo hiyohiyo, baba wa kipaka, na hakuona haya. Wakikuita tena itika.

Sasa kaka yako kauliza paka wanakupa nini na we ukaenda kutafuta jibu kwa paka. Paka hakupi kitu! Unamtoa mtaroni, unamtibu kidonda wiki mbili, siku unafungua tenga anatoka mbio hata hageuki, na kabla ya hapo keshakuparura. Ukisubiri shukrani ya paka utazeeka.

Mi nakwambia kwa sababu yalishanikuta. Nilipomaliza eda nyumba ilikuwa kimya, wanangu wote wako Dar, napika wali wa mtu mmoja na bado unabaki. Asubuhi moja nakuta boksi mlangoni, vipaka vitatu havijafungua hata macho, mtu kaja kutupa usiku. Nikavipa maziwa ya ng'ombe, si Tanga bwana maziwa tunayo, vikaharisha na kimoja kikafa siku ya pili. Nikaenda kwa daktari wa mifugo nalia kama mtoto mdogo. Akanifundisha, kipaka kikiwa cha baridi usikilishe, kwanza kipashe joto, chupa ya maji moto umeiviringisha kanga, halafu maziwa yale maalum ya vipaka kwa bomba la sindano bila sindano yenyewe, kilale kifudifudi maana ukikilaza chali kitapaliwa, kila saa mbili tatu usiku na mchana, na kikishashiba unakipangusa huku nyuma na kitambaa chenye uvuguvugu ndo kikojoe, peke yake hakiwezi, mama yake ndo angekilamba.

Basi mwanangu, miezi nilikuwa silali namuwaza marehemu. Zile wiki nikawa silali kwa sababu saa nane kuna mtu anataka kula. Kote ni kukesha, ila huku kwa pili asubuhi nilikuwa naamka na njaa, nakula. Vile viwili vilivyobaki vilipofika miezi miwili nikavitoa, kimoja Makorora kimoja Raskazone, nikarudi na bajaji nalia tena lakini kilio cha aina nyingine.

We naye una kesha lako. Kusubiri ajira kunachosha kuliko ajira, unapeleka barua huku na kule na hakuna anayekujibu hata hapana. Kwa paka unapata jibu siku hiyohiyo, asubuhi umempeleka, jioni keshahasiwa, na ile ncha ya sikio wanayomkata wakati wa kumhasi ndo alama. Ukipita Deep Sea unamwona kakaa chini ya meza ya vibua anangoja utumbo, unajua huyo ni kazi yangu. Jike anabeba mimba siku 63 hivi tu na mtoto wake akifika miezi minne mitano naye anaweza kubeba, hebu piga hesabu mwenyewe mmoja tu umezuia wangapi kuja kutupwa kwenye maboksi. Hiyo hata kama hailipwi ni kazi, na we umeifanya.

Ila usimdanganye kaka yako kwamba itakuletea ajira, sijui. Barua endelea kupeleka, na wale kina mama waambie siku zako kabisa, Jumanne na Jumamosi mathalan, wasikufanye wa kila siku. Hela ya mfukoni usitoe, huna.

Na jingine, ukiumwa na paka usijifanye dume, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyohiyo, kichaa cha mbwa paka naye anaweza kuwa nacho. Halafu msiende usiku bila mjumbe kujua. Mi na wenzangu tulipokuwa tunakamata paka tulisimamishwa na wazee saa tano usiku, wanawake wanne na tenga limefunikwa kanga linalia nyau, wakajua tunawanga, ilibidi mwenzetu mmoja afunue na akaparurwa mbele yao ndo wakaamini ni paka kweli.

Kaka yako usimjibu kwa maneno. Jumamosi mwambie tenga zito, akushikie upande mmoja.