Kasha la kibodi kwa rojo la maboksi

SWALI: Shikamoo fundi. Naunda kibodi ya kompyuta. Saketi na swichi za vitufe ninazo, kasha ndilo sina. Nimefinyanga moja kwa magazeti yaliyosagwa, kama trei za mayai. Limekauka limepinda, na matundu ya vitufe hayalingani. Niongeze gundi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenifurahisha, maana maboksi tunayochoma kila siku ni mali. Gundi iache. Trei ya mayai hushikana bila gundi: nyuzi za karatasi zikilowa na kusagwa huchambuka, zikikauka hung'ang'aniana zenyewe. Ila nyuzi za gazeti ni fupi. Tafuta maboksi ya kahawia, yale yenye mawimbi ndani. Bandua utepe wa plastiki, loweka usiku kucha, saga kwa maji mengi. Tikisa kijiko cha rojo kwenye glasi ya maji. Ukiona mabonge, rudia. Karatasi za kung'aa usichanganye, zina udongo mwingi.

Kupinda kunatokana na ukaushaji. Upande mmoja ukitangulia kukauka, husinyaa na kuuvuta mwingine. Kwa hiyo jua kali la Tanga lisiliguse kasha bichi. Kiwandani maji hufyonzwa kwa pampu kupitia kalibu (umbo la kufinyangia) ya wavu. Wewe toboa kalibu ya mbao, tandika wavu wa dirishani, mimina rojo, kamua kwa sponji. Kisha funika kwa kitambaa, bana kwa kalibu ya pili, weka kivulini penye upepo. Kitambaa kikilowa, badilisha, kisha bana tena. Usilitoe kasha kwenye kalibu mpaka liwe gumu kabisa, hata pembeni.

Matundu nayo usiyafinyange kamwe. Vitufe hupangwa milimita 19.05 kati kwa kati, na tundu la swichi ni milimita 14 kwa 14. Karatasi inayosinyaa haitunzi kipimo hicho. Kata bamba la alumini la milimita 1.5 libebe swichi; kasha libaki kulibeba bamba. Skrubu zishike kwenye vipande vya mbao ulivyogundisha ndani, si kwenye karatasi. Tundu la waya wa USB likate mwishoni, kwa kisu kikali.

Hewa ya pwani ina unyevu, na karatasi huunywa. Piga msasa laini, kisha vanishi mikono miwili, ndani na nje. Chini gundisha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, maana kasha hilo ni jepesi na litateleza mezani ukichapa kwa kasi.