Kichwa kimesahau, mkono haujasahau

Jumamosi iliyopita nilikabidhi magauni sita ya kitenge ya wapambe wa bibi harusi hapa Kadutu, mjini Bukavu. Yote sita yalikaa mwilini, hakuna lililorudishwa. Mtasema, fundi kashona nguo, ajabu iko wapi? Ajabu ni kwamba asubuhi ile sikumtambua hata mmoja wa wale wasichana, na niliwapima mwenyewe siku nne kabla.

Mwaka 2019 pikipiki niliyopanda iliteleza mteremkoni wakati wa mvua. Sikuvaa kaske, ile kofia ngumu ya kulinda kichwa. Miezi ya hospitali siiandiki, ilikuwa kulala na kuamka tu. Niliporudi nyumbani mambo ya zamani yote yalikuwepo: nyimbo za kwaya, bei ya kitenge mwaka niliofungua kibanda. Lakini uji wa asubuhi, nimekunywa au bado? Sijui. Nikibandika sombe kisha jirani akaniita, sombe inanitoka kichwani mpaka moshi uniambie.

Sufuria hazikuniumiza kama watu walivyoniumiza. Mteja wangu wa miaka kumi alikuja kuchukua nguo yake nikamwuliza, "Mama, uliniletea kitambaa gani?" Alipiga kelele mbele ya soko lote kwamba nimekiuza. Siku ya tatu dada yangu alikikuta kwenye kikapu chini ya meza. Nikampelekea, akakipokea bila neno. Radhi hajaniomba hadi leo. Na katika ukoo wetu yuko aliyesema nimelogwa. Anajijua.

Mtoto wa kaka yangu, anayesomea udaktari, ndiye aliyenisimamisha. Alinieleza kwamba ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu iitwayo hipokampasi, inayoyashika mambo mapya mpaka yakae. Akanisimulia habari za Mmarekani Henry Molaison, aliyepasuliwa mwaka 1953 akiwa na miaka 27 ili kutibiwa kifafa, akatolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Tangu hapo, hadi alipofariki mwaka 2008, mambo mapya karibu yote yalimpita. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku hadi siku mkono ulizidi kuwa hodari, naye kila siku alidhani ndiyo mara yake ya kwanza.

"Shangazi," akaniambia, "ushonaji wako uko mkononi. Kaa kwenye cherehani."

Nilikaa. Mguu ukakanyaga, kitambaa kikaenda, mshono ukanyooka. Nililia nikishona.

Basi nyinyi mnaotaka kurudi kazini kama mimi, sikilizeni. Kaye yangu, yaani daftari, inaning'inia shingoni pamoja na utepe wa kupimia. Kila mteja ana ukurasa: jina, vipimo, siku ya kuchukua, na kipande cha kitambaa chake kimebanwa kwa pini. Ninaandika yeye akiwa bado amesimama mbele yangu. Ukisema utaandika baadaye, umeshapoteza. Andika papo hapo.

Na usikisie. Mwaka 1994 watafiti Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha kwamba mwenye tatizo hili hujifunza vizuri zaidi akizuiwa kubahatisha, maana kosa lake ndilo linalomganda. Mimi nilibahatisha nyonga ya mteja, 96, kumbe ni 102. Kaye inaonyesha nimeandika 96 mara tatu baada ya hapo (nimeyasoma humo, sikuyakumbuka). Hujui? Fungua kaye. Andika, kisha fungua.

Nanyi wa nyumbani, acheni kutuuliza "Hukumbuki?" Swali hilo ni kofi. Mwambie mtu jambo lenyewe, kwa upole, hata mara ya tano. Mungu amekupa kichwa kizima, mwazime ndugu yako. Na wewe mgonjwa, acha aibu! Aibu ndiyo iliyonifanya nijifanye ninakumbuka, nikaharibu vitambaa vya watu. Lala usingizi wa kutosha, andika, sema wazi, "Nilianguka, ninasahau, subiri nifungue kaye."

Jumatatu yule mteja wa kikapu alimtuma binti yake na kitenge cha yadi sita. Kiko ukurasa wa 41, kipande kimebanwa kwa pini, na binti ametia sahihi chini yake.